Nipe Mji: Kitendawili, Fumbo na Mizani ya Akili Bagamoyo

Mwaka 2002 jarida la kitaalamu la Intelligence lilichapisha makala ambayo mpenzi wa ushairi wa pwani ana haki ya kuisoma kwa jicho lilelile analosomea diwani. Waandishi wake walikuwa Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, pamoja na wenzao ambao baadhi yao walikuwa Watanzania. Mahali palipofanywa utafiti ni skuli za vijijini karibu na Bagamoyo. Watoto 358 walipewa michezo mitatu ya kufikiri: kupanga vitu katika makundi kwa kanuni maalumu, kutambua nani amemzidi nani kutokana na habari mbili tatu zinazofuatana, na kuuliza maswali yasiyozidi 20, yenye kujibika kwa ndiyo au siyo tu, hadi kulijua umbo ambalo mtahini amelichagua na kulificha moyoni mwake.

Hadi hapo hapana jipya. Mitihani ya namna hiyo imezunguka dunia kwa karne nzima, na aghalabu imerudi kutoka Afrika na habari za kuwahuzunisha wazee. Jipya ni lililofuata. Baada ya mtihani wa kwanza watoto walipewa somo fupi, lisilofika saa moja kwa michezo yote mitatu, la kuwaonyesha namna ya kuikabili michezo hiyo. Kisha wakatahiniwa tena. Waliofundishwa walipanda. Lenye uzito zaidi kuliko kupanda kwao ni kwamba walipanda kwa kupishana. Kwa watoto ambao hawakupewa somo, alama za kwanza na za pili ziliandamana kwa uwiano wa takriban 0.8, ambapo 1 ni kuandamana kabisa; aliyekuwa mbele alibaki mbele na wa mkiani akabaki mkiani. Kwa waliopewa somo uwiano ulishuka hadi kama 0.3. Ikiwa mtihani wa kwanza ulikuwa umezipima akili za watoto hao, basi akili za Bagamoyo zilibadilishana wenyewe kwa muda usiotosha kuiva chungu cha maharage.

Yumkini hazikubadilishana. Kilichopimwa mara ya kwanza kilikuwa, kwa sehemu kubwa, nani aliwahi kuujua mchezo na nani hakuwahi.

Msomaji anayetaka kuiona hoja hii katika makao yake na aelekee Makurunge, kata ya wilaya ya Bagamoyo, kwenye njia panda ambapo barabara ya Saadani, Pangani na Tanga inaachana na ile ya Msata. Watu wa visiwani si wageni wa jina hilo, kwani ndiko ilikokuwa ardhi ya RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Huko, kama ilivyo Mrima yote, mtoto hutahiniwa kabla hajajua kushika kalamu. Mkubwa mmoja husema, "Kitendawili!" Watoto huitikia, "Tega!" Hutegwa, hubahatisha, hushindwa. Ndipo mtegaji anapotamka maneno mawili ambayo wahakiki wa fasihi simulizi huyapita mbio kana kwamba ni mapambo ya mchezo: "Nipe mji."

Maneno hayo ndiyo moyo wa mchezo. Mteguaji aliyeshindwa hafukuzwi wala haandikiwi alama, hulipa. Hutoa mji, mtegaji huupokea au huukataa, na akishaupokea huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akatukuzwa, kisha akarudi na jawabu. Kushindwa kumekuwa ada ya somo. Na kesho yake, kitendawili kile kile kikitegwa mbele ya wageni, yule aliyetoa mji jana ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Waliokwenda Bagamoyo na mtihani wao wenye somo katikati walikuwa wakiirudia, bila shaka pasipo kukusudia, desturi iliyowatangulia. Walilofanya wao ni kuhesabu, na hesabu yao ina faida: imeonyesha kwa tarakimu kuwa mtihani unaokoma kabla ya "nipe mji" haujamaliza kumwuliza mtoto.

Lakini sifa hii isiwalevye wapenzi wa vitendawili. Vitabu vya fasihi simulizi, kimoja baada ya kingine, husema kwamba kitendawili hunoa bongo na humfundisha mtoto kufikiri. Kauli hiyo imekaririwa mno hata hakuna anayeiuliza. Na iulizwe. Kile cha nyumba isiyo na mlango kinajulikana na kila mtu, na kila mtu anajua kuwa jawabu ni yai. Je, mtoto anayekisikia kwa mara ya kwanza ana njia gani ya kutoka kwenye nyumba hadi kwenye yai? Nyumba isiyo na mlango yaweza kuwa tikiti, lenye wakaazi weusi waliojipanga ndani. Yaweza kuwa kaburi. Yaweza kuwa kifuu cha nazi kabla ya kuvunjwa. Majawabu yote hayo yanasimama, na la tikiti lina hoja zaidi kwa kuwa ndani yake mna watu. Hata hivyo mtoto atakayelitoa ataambiwa amekosa. Hakukosa kufikiri. Alikosa kuwepo siku jawabu lilipotolewa.

Akili iliyomo ndani ya kitendawili ni ya mtu mmoja asiyejulikana jina, yule wa kwanza aliyelitazama yai akaona nyumba. Huyo alikuwa mshairi. Waliomfuata wamerithi mali yake, na kurithi si kuchuma. Ni kweli kwamba hifadhi nayo ni kazi ya akili, na haifai kubezwa. Sylvia Scribner na Michael Cole, katika kitabu chao cha mwaka 1981 juu ya kusoma na kuandika miongoni mwa Wavai wa Liberia, walikuta kuwa waliosoma Kurani waliwashinda wenzao katika zoezi la kukumbuka maneno yanayoongezwa moja moja kwa mpangilio, yaani namna ileile wanavyohifadhishwa aya chuoni. Pwani nzima inaijua nguvu hiyo. Basi na iitwe kwa jina lake, hifadhi, na isivishwe kanzu ya tafakuri.

Dhara la kuchanganya mawili hayo huonekana katika karatasi ya mtihani wa darasa la saba, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitia vitendawili miongoni mwa maswali ya Kiswahili ya kuchagua jawabu. Hapo kitendawili kimenyang'anywa vyote viwili. Hakuna wa kusema "tega", hakuna mji wa kutoa, na hakuna nafasi ya mtoto wa tikiti kujitetea. Limebaki jawabu moja na herufi ya kuliandikia. Anayeijua mila ya kitabu hupata; anayefikiri hukosa. Huu ndio mtihani wa kwanza wa Bagamoyo bila ya ule wa pili, na safari hii haukuletwa na mgeni.

Haki inataka pia michezo ya wanasaikolojia ipitiwe kwa sikio la mfasiri. Ule wa nani amemzidi nani hujengwa juu ya ulinganishi, na ulinganishi wa Kiswahili una tabia zake. Sifa zake hazibadiliki umbo ili kuonyesha zaidi. Mrefu ni mrefu tu, na kazi ya kulinganisha hufanywa na neno la pembeni. Katika kitabu neno hilo ni "kuliko". Mtaani na shambani mtu husema Juma mrefu kumshinda Ali, au Juma kampita Ali, au kamzidi. Kila moja lina rangi yake. "Kumshinda" huleta mashindano, na mtoto huanza kumtafuta mshindi. Kisha akiulizwa nani mfupi, ameulizwa habari za aliyeshindwa, jambo ambalo adabu hailikimbilii. Sentensi moja ya kigeni yaweza kufasiriwa kwa njia tatu zilizo sahihi na zikazaa mitihani mitatu tofauti. Hili halijulikani kwa kuhesabu alama. Hujulikana kwa kusikiliza, na kusikiliza ni kazi ya watu wa lugha.

Jambo la pili ni lile la kukubali kuingia mchezoni. Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kirusi, alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932 akawauliza wakulima: huko kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini hiyo, dubu wa huko wana rangi gani? Wapo waliojibu kuwa hawajui, hawajafika, na kwamba aliyefika ndiye wa kuulizwa. Matokeo hayo yalipochapishwa kwa Kirusi mwaka 1974 walioyasoma wengi waliona upungufu wa mantiki. Mtu aliyelelewa barazani ataona kitu kingine: ataona shahidi anayekataa kutoa ushahidi wa asichokiona. Mantiki ya mkulima yule ilikuwa timamu, kwani alisema wazi sharti lake, kwamba habari isiyo na mwenyewe haitolewi hukumu. Alichokataa ni kanuni ya mchezo, ile inayotaka maneno ya muulizaji yachukuliwe kuwa kweli kwa muda wa swali tu. Kanuni hiyo hufundishika upesi. Skuli huifundisha kila siku bila kuitaja, na lile somo la Bagamoyo lilihitaji chini ya saa moja.

Mchezo wa maswali 20 ndio ulio mzuri kuliko yote mitatu, na unastahili kuigwa. Mtoto asiyefundishwa hurusha mshale mmoja mmoja: je, ni hili? je, ni lile? Akishafunzwa huuliza kwanza rangi, kisha umbo, kisha ukubwa, na kila swali hufagia nusu ya uwanja. Maswali 20 yakigawa nusu kwa nusu kila mara yanatosha kukitambua kitu kimoja kati ya vitu 1,048,576. Kitendawili hakina lolote la namna hii. Mteguaji haruhusiwi kuuliza. Hupewa picha moja na kuachwa nayo. Laiti michezo hii miwili ingeoana, ikawa mtoto wa Makurunge aruhusiwa kumwuliza mtegaji kama nyumba ile hupikwa, kama hupandwa, kama hutagwa, ingekuwa darasa ambalo hakuna upande wowote uliokuwa nalo peke yake.

Neno lenyewe "akili" limebebeshwa mzigo ambao asili yake haikuukusudia. Kwa Kiarabu mzizi wake ni wa kufunga, kama afungwavyo ngamia mguu asipotee. Akili basi ni kizuizi, kinachomfunga mtu asiropoke na asipotoke. "Busara" imetoka kwenye kuona. "Werevu" ni neno la Kibantu, na ndani yake mna kufumbuka macho baada ya ujinga. Mtu huerevuka, yaani huwa mwerevu leo na jana hakuwa. Ujanja u karibu naye lakini hauaminiki. Mtihani mmoja hauwezi kuyapima yote haya, na walioutunga wa Bagamoyo hapana shaka walilijua hilo, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekwisha kukutana nalo Kenya. Huko Usenge, miongoni mwa Wajaluo, walipima ujuzi wa watoto 85 katika dawa za mitishamba, wakaona kuwa waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya kiskuli. Na katika kuuliza maana ya akili waliletewa maneno manne ya Kijaluo, rieko, luoro, paro na winjo, ambamo heshima na wajibu vimo pamoja na ujuzi. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Mvuvi wa Bagamoyo, aliye mwendo mfupi kutoka Makurunge, angewapa somo jingine. Akijua mwezi una siku ngapi atakwambia kama ni bamvua au maji mafu, na akijua maji yalijaa saa ngapi leo ataongeza kiasi cha dakika 50 na kukuambia ya kesho. Hizo ni habari mbili zinazozaa ya tatu, na ndiyo mantiki yenyewe, ila imevaa msuli.

Kama si katika kitendawili, ni wapi basi katika sanaa ya maneno ya Waswahili ambapo mtu hulazimika kufikiri hatua kwa hatua mbele ya wenziwe? Ni katika fumbo na jibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliyatumia mafumbo katika siasa za Mombasa na Lamu, na upande wa pili ulijibu kwa mashairi. Pemba nayo ina Kamange na Sarahani, ambao habari na tungo zao zimehifadhiwa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011. Tofauti ya fumbo na kitendawili ni kwamba fumbo hufumbwa leo, kwa jambo la leo, na jawabu lake halijawahi kusikika. Mfumbuaji hana wa kumrithi.

Chukuliwe ubeti wa kubuni, uliotungwa kwa ajili ya mfano huu tu:

Kaja mgeni na pishi, apime kwetu kisima,
Kapima wala haishi, maji yajaa daima,
Nasi wala hatubishi, twamtazama apima,
Nani ajuaye pishi, aseme kinachopimwa?

Msomaji mwepesi ataliona jambo la kwanza: pishi ni ya nafaka, vibaba vinne vya mchele au mtama, na hapa imepelekwa majini. Chombo na kipimwa havilingani. Kutokana na hilo ataondoa maana zote ambazo ndani yake mgeni ni fundi wa visima. Mshororo wa pili waongeza kuwa maji hayaishi. Basi kinachopimwa ni kitu kinachojijaza chenyewe, hivyo mali, ardhi na mifugo vyaondoka, vyabaki elimu, akili, lugha na labda subira. Wa tatu wauingiza ukimya wa wenyeji, ambao ni ukimya wa wanaojua na hawasemi. Wa nne wageuza swali: halimwulizi ajuaye kisima, lamwuliza ajuaye pishi. Yawezekana kinachopimwa ni pishi yenyewe, au mgeni mwenyewe. Hatua nne zimepitwa, kila moja ikipunguza uwanja kwa sababu inayotajika, na huo ni mchezo wa maswali 20 ukichezwa kwa vina vya kati na vya mwisho.

Na kazi haijesha. Anayedai kuwa amelifumbua lazima ajibu kwa bahari ileile, kwa vina vilevile akiweza, na jawabu lake litapimwa kwa jinsi linavyobeba maneno yote ya fumbo. Mwingine akija na jawabu jingine lililobeba zaidi, la kwanza hushuka bila aibu. Mtu wa tikiti hapa ana pa kusimama. Hata mfumbaji hana neno la mwisho, kwani imetokea mara nyingi jawabu likawa bora kuliko alilokuwa nalo yeye. Hii ni mizani kali kuliko ile ya skuli na kuliko ile ya mwaka 2002, kwa kuwa inadai sababu mahali ambapo zile mbili zinadai alama. Inasikitisha kuona kuwa ndiyo isiyofundishwa. Diwani husomeshwa kwa kuhesabu mizani na kutaja majina ya bahari; mwanafunzi aweza kuhitimu akijua tathlitha na tarbia bila kuwahi kumjibu mtu hata ubeti mmoja.

Kasoro ya jibizano nayo isifichwe. Ni sanaa ya watu wazima, na kwa muda mrefu imekuwa na mlango mwembamba: ya wenye kujua arudhi, aghalabu wanaume, aghalabu wa mijini. Mtoto wa Makurunge anayechunga au anayechota maji hakualikwa. Kitendawili kilimwalika, na kwa hilo kinapaswa kuheshimiwa kuliko shairi. Mwalimu mwenye saa moja tu, kama ile ya Bagamoyo, asingehitaji kifaa chochote ili kuviunganisha viwili hivyo. Angetega kitendawili cha zamani, angekubali kila jawabu, na angemtaka kila mtoto aeleze jawabu lake linabebaje kila neno la swali.

Mchezo, hata hivyo, bado unachezwa kwa sheria zake. Mji wa karibu na Makurunge ni Bagamoyo, na mtegaji hodari huukataa. Ameshakwenda, hakuna jipya. Hupewa Tanga, huikataa pia. Hupewa Unguja, akaridhika, akavuka bahari, akala halua na akanywa kahawa, akashindwa kurudi kwa kuwa pepo zilimgeuka, mwisho akarudi, watoto wakiwa kimya kabisa, akasema lilikuwa yai. Wote wanacheka. Mmoja wa nyuma anauliza, na tikiti je?